Bendi ya Chupa za Maji

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini sitalitaja. Sheria inasema anayelitaja jina la nchi, au kulisikia, sharti awe amesimama wima, visigino vimegusana. Mimi naandika nimekaa, na nina sababu ya kukaa, mtaiona mbele. Mniwie radhi basi, tuiite tu nchi yetu. Hilo ni jina lililoruhusiwa kwa watu waliokaa.

Ni nchi ya neema. Ina Mtukufu mmoja, Mwenyezi Mungu ampe anachostahili. Wizara zake ni chache, maana Mtukufu hapendi ubadhirifu. Mwaka ule wa kubana matumizi, Wizara ya Afya iliunganishwa na Wizara ya Sherehe, tukaambiwa redioni kwamba hakuna kitakachobadilika ila rangi ya magari. Na kweli, magari ya wagonjwa yakapakwa rangi za bendera, yakafungwa na maputo. Tukashukuru. Mtu akikimbizwa hospitali ndani ya maputo, hata akifa njiani hafi kinyonge.

Mimi na Siwema ni wajane wa mume mmoja, marehemu Mzee Hemedi. Mimi bi mkubwa, yeye bi mdogo. Mzee alipokuwa hai tulisalimiana Idi kwa Idi. Alipofariki tukakaa eda nyumba moja, na tulipotoka edani tukaona kila mmoja hana mtu mwingine wa kugombana naye. Tukabaki pamoja.

Siwema ni mpishi, tena mpishi wa taifa. Kila sikukuu ya nchi, yeye na wenzake ndio waliopika pilau ya wageni nyuma ya jukwaa, kwa kuni mbichi, katika banda lisilo na dirisha ili moshi usimfikie Mtukufu. Haukumfikia. Ulikaa kwa Siwema. Leo mapafu yake ni kama sufuria lililoungua, usugue utakavyosugua, ukoko uko palepale. Akipanda ngazi tatu husimama kama anayesikiliza taarifa ya habari. Kifuani mna filimbi. Kulala chali hawezi.

Daktari alipomwuliza kama anavuta sigara, alijibu, "Sigara sijawahi, mwanangu. Nimevuta sikukuu."

*

Hospitali ya Jamhuri ilikuwa na chumba cha pumzi, na ndani yake alikuwamo mtaalamu mmoja wa tiba ya upumuaji, Bwana Haruni. Mtu mpole, mrefu, ana viganja vikubwa kama sahani. Alikuwa na mashine ya mvuke wa dawa, mitungi ya oksijeni, na kipimo cha kupuliza kinachosema umebakiwa na pumzi kiasi gani. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kufundisha watu wazima kupumua.

"Vuta kwa pua," anasema. "Sasa bana midomo, toa polepole. Kama unapoza uji wa mtoto. Usiharakishe, uji ni wa moto."

Halafu anakunja kiganja kama kikombe, anamgonga mgonjwa mgongoni, pu, pu, pu, mpaka makohozi yaachie. Na alikuwa na chupa. Chupa ya kawaida, maji nusu, mpira mwembamba umezamishwa ndani. Unapuliza kwenye mpira, maji yanatoa mapovu, bu-bu-bu-bu, na ule mtikisiko unarudi kifuani unakwangua vilivyoganda.

"Mapafu haya hayaponi, mama zangu," alituambia waziwazi. "Lakini yanafundishika."

"Kumbe yamemshinda mume wetu," akasema Siwema. "Yule hakupona wala hakufundishika."

"Wewe ulimpata ameshaharibika," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyemharibu."

Bwana Haruni akacheka, akatupa na onyo. Siwema akikosa tiba siku nyingi mfululizo, makohozi yatamjaa, na siku hiyo hata viganja vyake Haruni havitayatoa. Nikalishika neno hilo. Kila siku ya tiba nilimpeleka, jua au mvua, na Siwema akaanza tena kufika sokoni kwa miguu yake na kuwatukana wauza nyanya bila kukatisha sentensi. Nikamshukuru Mola kwa kila tusi.

*

Mambo yaliharibiwa na tarumbeta.

Nchi yetu ina desturi moja nzuri. Siku ya sikukuu, Mtukufu akishuka garini hutembea juu ya zulia jekundu mpaka jukwaani, na muda wote huo tarumbeta zinalia noti moja, haikatiki. Mtukufu hakanyagi pasipo sauti. Tarumbeta zikinyamaza, anasimama palepale alipofikia, maana hatua ya kimyakimya ni hatua ya mtu wa kawaida. Na kwa kuwa wapambe wanampenda, kila mwaka wanarefusha zulia.

Sasa sikukuu iliyopita mapenzi yalizidi. Zulia lilianzia mbali mno, wapigaji wakaishiwa pumzi wote kwa pamoja, Mtukufu mguu mmoja uko chini, wa pili uko hewani. Akabaki hivyohivyo kama korongo kwenye tope. Watu tukatazama chini kwa heshima. Wapigaji walipopata pumzi, mguu ukatua. Mkuu wa bendi siku hizi anaishi mkoa wa mbali sana, kwa hiari yake, na familia yake imeombwa isiulize ni mkoa gani.

Kesho yake redio ikatangaza kwamba pumzi ni rasilimali ya taifa. Akateuliwa Kamishna wa Pumzi za Umma, Mheshimiwa Bakurutu, bwana mnene mwenye kola ngumu, ambaye hapo nyuma alikuwa Kamishna wa Makofi. Naye hakuchelewa. Alifika hospitalini na lori, akamchukua Bwana Haruni, mashine ya mvuke, kipimo na mitungi, vyote vikapelekwa uwanja wa taifa kuwahudumia wapiga tarumbeta. Kabla ya kuondoka akatukusanya wagonjwa wa mapafu uani, akatuhutubia.

"Ndugu wananchi wenye pumzi fupi!" alisema. "Serikali yenu sikivu imewaona. Imebaini kwamba ninyi mnatumia hewa kidogo kuliko wananchi wengine. Kwa hiyo ninyi ndio mfano bora wa kubana matumizi! Wengine wanaiga wapi? Wanaiga kwenu! Endeleeni kupumua hivyohivyo!"

Tukapiga makofi. Wawili ikabidi wakae chini kwa ajili ya yale makofi.

*

Siku ya tiba ilipofika nikampeleka Siwema kama kawaida. Dirishani alikaa Bibi Fausta, mama mwenye miwani ya kamba, anajipaka rangi ya kucha.

"Chumba cha pumzi kimefungwa?" nikamwuliza.

"Hakijafungwa. Huduma imehamia uwanjani."

"Haya, tumfuate huko."

"Uwanjani wanaingia wapiga tarumbeta tu, bibi. Huyu anapiga nini?"

"Napiga miayo," Siwema akasema.

Bibi Fausta hakucheka. Akamtazama juu ya miwani. "Kwanza nani amethibitisha kwamba anaumwa? Apimwe."

"Kipimo kiko wapi?"

"Uwanjani."

"Na huko wanapimwa kina nani?"

"Wenye pumzi nyingi."

"Na wenye pumzi chache?"

"Hao wanapimwa hapa." Akapuliza kucha zake zikauke, pumzi ndefu, safi, haina filimbi hata moja. Siwema akaitazama ile pumzi kama mtu mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani.

"Dada yangu," nikasema, "huyu asipopata tiba atakufa."

"Usiseme hivyo, bibi, sisi hapa tunatoa matumaini. Mgonjwa apunguze kupumua kidogo mpaka sikukuu ipite. Anayefuata!"

Nyuma yetu hakuwepo anayefuata. Wenzetu walikuwa wamekaa sakafuni, hawawezi kusimama foleni.

Kwa siku zilizofuata nilimgonga Siwema mwenyewe, lakini kiganja changu ni kiganja cha kukanda mikate, si cha Bwana Haruni. Midomo ikaanza kumgeuka rangi. Matusi yakawa mafupi. Ikafika asubuhi akamwita muuza maziwa "mwizi" tu, basi, akanyamaza. Hapo nikaogopa.

*

Nikatawadha, nikasali rakaa mbili za haja, nikamvalisha Siwema, nikawapitia na wenzetu wawezao kutembea, tukaenda uwanjani. Kuingia hatukuthubutu. Tulikaa nje ya uzio, kwenye nyasi, kila mmoja na chupa yake.

Ndani, Bwana Haruni alikuwa amewasimamisha wapiga tarumbeta mistari mistari. Akatuona. Aligeuka taratibu mpaka akawa ameelekea kwetu, akapaza sauti kupita inavyohitajika.

"Vuta kwa pua!"

Wakavuta wapiga tarumbeta, tukavuta na sisi.

"Bana midomo! Polepole! Kama mnapoza uji wa mtoto!"

"Afande, sisi hatuna watoto," kijana mmoja akalalamika.

"Poza wa jirani!"

Tukarudi kesho yake, na keshokutwa. Darasa likiisha tunapuliza chupa zetu, bu-bu-bu-bu, kama vyura wa masika. Ndipo siku moja kola ngumu ikachomoza juu ya uzio.

"Ninyi! Hiyo ni ala gani?"

Nikajua tunafukuzwa. Lakini mimi sisemi uongo, niliapa hivyo tangu nikiwa chuoni kwa maalim. Nikangoja nione ataniuliza nini.

"Mnafanya mazoezi?" akauliza Mheshimiwa Bakurutu.

"Ndiyo, mheshimiwa. Mazoezi."

"Kila siku?"

"Mungu akitujalia, kila siku."

"Nani kawafundisha?"

"Bwana Haruni huyo."

"Na mlianza lini kitu hiki?"

"Mwenzangu huyu," nikasema, "tangu alipoharibika kwa kuitumikia nchi."

Mheshimiwa akavua kofia. Machozi yakamlenga. "Wazalendo," akasema. "Wazee kabisa, tena kwa kujitolea. Na ala ya asili! Wazungu wana tarumbeta, sisi tuna chupa! Haruni, mbona ulinificha?"

Bwana Haruni alimtazama, akatutazama. "Nilikuwa nangoja waive, mheshimiwa," akasema.

Sikupenda uongo ule, ila haukuwa wangu.

Basi tukafunguliwa lango, tukaitwa Bendi ya Chupa. Wagonjwa ndio wapigaji, mimi nikaandikwa mbeba chupa. Na kwa kuwa Kamishna aliamuru pumzi za wapigaji zilindwe, Siwema akawekwa kwenye mashine ya mvuke, akavutishwa oksijeni, akagongwa mgongo na viganja vyenye elimu. Yaani tiba aliyonyimwa kwa sababu ni mgonjwa, alipewa kwa sababu ni mwanamuziki. Baada ya wiki mbili hivi alimwambia Mheshimiwa Bakurutu kwamba kola yake inafanana na kauri ya choo, sentensi nzima, kwa pumzi moja. Mheshimiwa akafikiri ni sifa, akamshukuru.

*

Sikukuu ikafika. Tulivishwa makoti mekundu yenye vifungo mpaka kooni, jua linawaka, tukapangwa nyuma ya tarumbeta. Nyuma yetu lilikuwapo lile banda la pilau, kuni mbichi zinafuka moshi. Mbele yetu, mafungu ya fataki. Zulia nalo, kwa mapenzi ya wapambe, lilikuwa limetokeza nje ya lango na kukata kona.

Bwana Haruni akamwendea Kamishna. "Mheshimiwa, fataki zitaleta moshi. Hawa watu moshi ndio uliowaumiza. Huyu mama anaweza kutufia hapa."

"Fataki zimo kwenye ratiba," akajibu Mheshimiwa. "Kufa hakumo. Mwambie azingatie ratiba."

Nikamshika Siwema mkono. "Twende zetu nyumbani, mwenzangu."

"Tukirudi... mvuke nitaupata wapi?" Ameshaanza kukata maneno. "Shika chupa, wee mwanamke. Ulivyokuwa na wivu, hutaki niimbiwe na taifa."

Gari likaonekana. Tarumbeta zikapaa. Mtukufu akashuka, akaanza kuja, hatua moja moja, amevaa joho ambalo watu wawili wanalibeba. Akakata kona. Akaingia langoni. Hapo fataki zikalipuliwa, na upepo, ambao hautii mamlaka yoyote ila ya Muumba wake, ukaugeuza moshi wote kwetu.

Vijana wa tarumbeta wakakohoa. Mmoja, wawili, mstari mzima. Wale wana mapafu mazima, hawajawahi kufundishwa kupumua ndani ya moshi. Siwema amesomea. Akabana midomo, akapoza uji. Tarumbeta zilipokufa zote, uwanja mzima ukasikia bu-bu-bu-bu kutoka kwetu, na Mtukufu, baada ya kusita kidogo, akaendelea kutembea kwa mwendo wa mapovu, nyonga zinacheza bila yeye kupenda.

Wenzetu nao wakaacha mmoja mmoja, wakainama, wakashika magoti. Ikabaki chupa ya Siwema. Nchi nzima ilikuwa inatembea juu ya pumzi ya mke mwenzangu. Nilimwona jasho linavyomtoka na mishipa ya shingo inavyomsimama kama kamba, nikasema moyoni, Ya Rabi, usimchukue akimpulizia huyu.

Mtukufu akainua mguu. Siwema akautoa mpira mdomoni.

Kimya.

Mguu ukabaki juu. Mheshimiwa Bakurutu akaja anatambaa ili asionekane kwenye picha. "Puliza, mama! Puliza! Mguu uko juu!"

Siwema akamwinulia kidole kimoja. Ngoja.

"Mama, ni Mtukufu!"

"Mwache," alisema Bwana Haruni, na hakunong'ona. Akapiga goti nyuma ya Siwema, akamfungua vifungo vya koti, akaanza kumgonga mgongo, pu, pu, pu, mbele ya mabalozi. "Taratibu. Uji ni wa moto."

"Mwambie angoje," Siwema akasema, neno moja, pumzi, neno moja, pumzi. "Mimi... nilingoja... dirishani."

Tukangoja. Mabalozi wakangoja, na mizinga ya saluti pia. Mguu wa Mtukufu ukaanza kutetemeka, kwanza kiatu, kisha goti. Mimi kwa kawaida natazama chini, lakini siku ile nilimtazama usoni. Alikuwa ametoa macho, mdomo wazi, anaitafuta hewa kwa shingo nzima. Alikuwa anapumua kama Siwema.

Siwema akakohoa, akatema kwenye leso, akajifuta mdomo vizuri, pembe moja, pembe ya pili. Akauchukua mpira. Akapuliza. Mguu ukatua.

*

Jioni ile redio ilisema serikali imejifunza somo kubwa kuhusu pumzi na itachukua hatua za haraka. Tukakumbatiana. Tulijua Bwana Haruni anarudi.

Hatua zikachukuliwa kweli. Zulia lilikatwa. Sasa ni fupi, gari linasimama karibu kabisa na jukwaa, Mtukufu anafika kabla tarumbeta hazijatulia mdomoni. Na vipande vilivyokatwa havikutupwa. Kila mgonjwa wa mapafu aligawiwa kipande kimoja, kwa fahari, kutoka mkononi mwa Mheshimiwa Bakurutu. Zulia lenyewe lina vumbi la miaka. Siwema alilipokea, akapiga chafya siku nzima. Nimelitupa nje, paka amezalia juu yake.

Bwana Haruni hakurudi. Amepandishwa cheo, ni Mkurugenzi wa Ala za Maji, na mkurugenzi haruhusiwi kugusa mgongo wa mtu. Mashine na mitungi vimewekwa makumbusho ya uwanja, vinang'arishwa kila Ijumaa. Chumba cha pumzi kimekuwa stoo ya makoti mekundu. Nilikwenda dirishani nikauliza tiba.

"Tiba ya nini?" akashangaa Bibi Fausta. "Huyu si amepuliza mbele ya taifa zima? Mimi mwenyewe nilimsikia redioni. Aliyemsimamisha Mtukufu ana mapafu mabovu? Bibi, msiwe na tamaa."

Tukarudi nyumbani, tukisimama kila nguzo ya umeme.

Na sasa hivi, baada ya alasiri, tumekaa sakafuni mgongo kwa mgongo, mimi na mke mwenzangu, maana akiegemea ukuta unamwumiza na akilala anazama. Mgongo wangu ndio kitanda chake. Mwandiko ukiruka mahali, mjue amekohoa.

Gari la matangazo linakuja mtaani. Wanalitaja jina la nchi, tena na tena, kwa kipaza sauti, na ninasikia viti vya majirani vinasukumwa, watu wanasimama.

"Wanakuja," anasema Siwema. "Simama... wasikukamate."

"Nikisimama utaanguka."

"Si ndiyo... ulikuwa ukiomba... miaka yote?"

"Niliomba ukiwa na nguvu za kuinuka. Vuta kwa pua."

Anavuta. Nausikia mgongo wake ukipanda kwenye mgongo wangu, polepole, una filimbi, halafu unashuka. Gari limesimama mlangoni petu, wanalitaja jina mara ya tatu.

"Toa," namwambia. "Usiharakishe."